Ngome ya Ziwa Doon: Mawe Yapo, Mahali Siyo

Mtahiniwa, swali la ubora na udhaifu wa akiolojia kama chanzo cha historia huwapata wengi wakiandika kwamba "magofu hayadanganyi", kisha wanaruka kwenye hoja inayofuata. Kabla hujaandika hivyo, soma mfano huu.

Kusini-magharibi mwa Uskoti, ufuoni mwa Ziwa Doon, kuna gofu la ngome ya Zama za Kati. Ukuta wake wa mawe ya kuchonga una pande 11, umbo ambalo si la kawaida. Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 13, na unahusishwa na ukoo wa Bruce, watawala wa Carrick. Robert Bruce wa ukoo huo alitawazwa kuwa mfalme mwaka 1306, na mwaka huohuo ngome ikaangukia mikononi mwa Waingereza.

Ukisimama pale na daftari lako, huenda ukaandika kwamba wajenzi waliuchagua ufuo huo ili kulinda ziwa. Utakosa. Ngome ilijengwa kisiwani, maji yakiizunguka pande zote, na nguvu yake ilitokana na hilo: bila mashua adui hakuweza kuegemeza ngazi ukutani wala kuchimba msingi.

Miaka ya 1930 bwawa la kuzalisha umeme lilipandisha maji ya ziwa. Kisiwa kilikuwa kinakwenda kufunikwa, hivyo ukuta ukabomolewa, mawe yakavushwa na kujengwa upya ufuoni. Mnara uliokuwa umeongezwa ndani yake katika karne ya 16 haukuhamishwa. Misingi iliachwa kisiwani, nayo huonekana maji yanapopungua.

Usije ukahitimisha kuwa akiolojia haina maana. Hilo nalo ni kosa, tena kubwa zaidi. Mawe yale bado yanaeleza ufundi wa waashi na umbo la ngome. Yasichoweza kukueleza ni kwa nini ilijengwa mahali fulani. Kwa hilo utahitaji maandishi, ramani za zamani na ile misingi iliyo majini.

Ukipenda mfano wa Afrika, tumia mahekalu ya Abu Simbel nchini Misri. Yalikatwa vipandevipande na kupandishwa juu kati ya 1964 na 1968 ili yasizamishwe na maji ya Bwawa la Aswan.