Kinshasa: majumba matano, barabara moja, ufunguo uko kwa nani?

Mtu akishuka gari kwenye Bulevadi Triomphal, komine ya Lingwala, hahitaji kutembea sana ili aone karibu kila jumba kubwa ambalo serikali ya Congo imelijenga kwa ajili ya umati. Kuna Palais du Peuple, lililojengwa na Wachina na kumalizika mwaka 1979, ambamo wabunge na maseneta wanakaa vikao vyao hadi leo. Kuna Stade des Martyrs, uwanja wa watu 80,000 uliofunguliwa 1994 kwa jina la Kamanyola, kisha ukabadilishwa jina 1997 kwa kuwakumbuka wanasiasa wanne walionyongwa hadharani Juni 1966. Karibu na uwanja kuna majumba ya michezo ya ndani yaliyojengwa kwa ajili ya Michezo ya Francophonie ya 2023. Desemba 2024 Rais Félix Tshisekedi alizindua jumba la utamaduni na sanaa la nchi za Afrika ya Kati, lililojengwa kwa msaada wa China. Na katika mtaa huo huo kampuni ya Kituruki Milvest ilipewa kazi ya kujenga Kinshasa Arena, ukumbi wenye paa wa watu karibu 20,000.

Majumba haya ni majirani, lakini hayana baba mmoja. Palais du Peuple ni makao ya Bunge na Seneti. Uwanja uko chini ya wizara ya Michezo. Jumba la utamaduni liko upande wa wizara ya Utamaduni. Usalama wa umati barabarani ni kazi ya polisi ya taifa, na takataka zinazobaki baada ya mechi ya Leopards ni mzigo wa mkoa wa Kinshasa, ambao si mwenye uwanja. Mama anayeuza maji ya "eau pure" mlangoni hajali ni wizara gani inayotawala geti lile. Lakini siku mambo yanapoharibika, swali hilo ndilo la kwanza kuulizwa, na jibu linachelewa kupatikana.

Wakaaji wa Kinshasa wameliona hilo mara mbili kwa muda usiotimiza miaka miwili. Tarehe 29 Oktoba 2022, watu 11 walikufa katika tamasha la Fally Ipupa kwenye Stade des Martyrs. Serikali ilisema watu waliingia kupita kiasi, hata sehemu zilizotengwa kwa wageni wa heshima zikajaa, na ikawanyooshea kidole waandaaji. Tarehe 27 Julai 2024, uwanja huo huo, tamasha la nyimbo za injili: gavana wa mji alitaja vifo 7, televisheni ya taifa ikatangaza 9. Safari hii uwanja haukuwa hata umejaa.

Ukiyatazama matukio haya mawili pamoja, unaona kwamba hesabu ya viti peke yake si jibu. Katika tukio la kwanza watu walikuwa wengi mno, katika la pili nafasi ilikuwepo. Kinachokosekana ni mtu mmoja ambaye kazi yake ya kila siku ni kujua milango inafunguka vipi, tiketi ngapi zimeuzwa, nani anaruhusu umati uingie na nani anausimamisha. Mwandaaji wa tamasha anakuja kwa usiku mmoja na kuondoka. Polisi wanakuja wakiitwa. Waziri anabadilishwa. Anayebaki ni msimamizi wa jumba, na kwetu huyo ndiye mwenye nguvu kidogo kuliko wote.

Kuna mji mmoja wa Marekani, Indianapolis, ambao kwa miaka 60 umejaribu njia nyingine. Si mji mkubwa kwa kipimo cha Kinshasa, hauna hata wakaaji milioni moja. Mwaka 1965 sheria ya jimbo la Indiana iliunda baraza moja la umma kwa ajili ya majumba makubwa ya mji. Leo baraza hilo lina wajumbe 9, wengi wao wakiteuliwa na meya. Linasimamia jumba la mikutano lililofunguliwa 1972, uwanja wa mpira wa kikapu wa timu ya Pacers, na uwanja mkubwa wa Lucas Oil uliofunguliwa 2008, ambako Colts wanacheza futiboli ya Kimarekani.

Faida yake inaonekana kwenye ramani. Mwaka 1984 uwanja wenye paa wa Hoosier Dome haukujengwa mbali nje ya mji. Uliunganishwa ukuta kwa ukuta na jumba la mikutano, ili siku zisizo na mechi nafasi yake itumiwe kwa maonyesho ya biashara. Ulipozeeka ukabomolewa 2008, na kiwanja chake kikapewa jumba la mikutano lijipanue. Mara ngapi kwetu wizara moja imeachia nyingine hata ofisi moja bila ugomvi? Huko ilikuwa rahisi, kwa sababu aliyetoa na aliyepokea walikuwa mtu mmoja.

Mwaka 2021, wakati wa COVID-19, mashindano yote ya kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani kwa wanaume yalichezwa Indiana peke yake. Kumbi za mikutano zikageuzwa viwanja vya mazoezi, na timu zikapita kutoka hoteli hadi mazoezini bila kugusana na umati. Juni 2024, katika uwanja ule ule wa futiboli, walijenga bwawa la kuogelea kwa ajili ya kuchagua waogeleaji wa Olimpiki ya Paris, na jioni moja walikuja watazamaji zaidi ya 20,000. Kalenda ikiwa moja, hakuna jumba linalokodishwa huku jirani yake akiziba barabara ile ile usiku ule ule.

Lakini hadithi ya Indianapolis haina asali tupu. Mwaka 2009, muda mfupi baada ya kufungua Lucas Oil, baraza lilitangaza kwamba linakabiliwa na pengo la dola milioni 47. Uwanja mpya uligharimu zaidi ya dola milioni 700, na gharama za kuuendesha zilizidi mapato. Aliyelipa ni nani? Kodi ya hoteli ilipandishwa kutoka asilimia 9 hadi 10, na jimbo likatoa mkopo. Tena, tayari tangu 2005 kodi ya chakula cha mgahawani mjini ilikuwa imeongezwa kutoka asilimia 1 hadi 2 kwa ajili ya uwanja huo. Na mwaka 2010, bado katikati ya shida hizo, baraza lilikubali kuwapa Pacers dola milioni 30 kwa miaka mitatu ili timu iendelee kutumia ukumbi wake. Timu ni mali ya mfanyabiashara. Pesa zilikuwa za umma.

Ndiyo hatari ya kuweka mayai yote kwenye kapu moja. Mfuko ukiwa mmoja, jumba linalopata faida linalisha lile linalopata hasara, na hasara inafichika hadi inakuwa kubwa. Lakini kuna tofauti moja ambayo sisi hatuna: wananchi wa Indianapolis waliijua milioni 47 hiyo mapema, wakaijadili, wakakasirika, kwa sababu hesabu za baraza zinatolewa hadharani. Mkaaji wa Lingwala akitaka kujua tamasha moja la Stade des Martyrs limeingiza franka ngapi, na ngapi zimerudi kukarabati vyoo, aende kuuliza wapi?

Hapa Congo tunao mfano mwingine wa mwenyewe kujulikana. TP Mazembe walijenga uwanja wao Kamalondo, Lubumbashi, na kuufungua 2011. Ni mdogo, watu karibu 18,000 tu. Lakini nyasi zikiharibika kila mtu Lubumbashi anajua ni nani wa kulaumiwa: klabu. Tofauti na Kinshasa ni kwamba klabu ile ni ya binafsi na ina tajiri wake, Moïse Katumbi. Mji mkuu hauwezi kungojea tajiri.

Je, kuunganisha kunawezekana kisheria? Ndiyo, tena bila kugusa katiba. Sheria namba 08/009 ya tarehe 7 Julai 2008 kuhusu mashirika ya umma inaruhusu Waziri Mkuu kuunda shirika la aina hiyo kwa amri iliyojadiliwa na baraza la mawaziri. Shirika linakuwa na baraza la usimamizi lenye wajumbe wasiozidi 5, uongozi mkuu wa kila siku, na wakaguzi wa hesabu. Palais du Peuple, kwa maoni yangu, libaki nje: Bunge si ukumbi wa kukodi, na hakuna spika atakayekubali kuomba nafasi kwa meneja wa viwanja. Yale mengine manne, uwanja, majumba ya michezo ya ndani, jumba la utamaduni na Arena, yanaweza kukaa chini ya paa moja la usimamizi. Stade Tata Raphaël, ule wa pambano la Ali na Foreman la 1974, nao ungefaa kuongezwa, ijapokuwa uko mbali kidogo. Aprili 2025, mafuriko yalipowafukuza watu majumbani mwao, wengi walipokelewa hapo. Hiyo nayo ni kazi inayohitaji msimamizi mwenye daftari, maji na funguo.

Kitakacholeta ugomvi ni viti hivyo vitano. Michezo itataka kimoja, Utamaduni kimoja, Fedha haitakosa. Mkoa wa Kinshasa, unaobeba msongamano wa magari na takataka, una haki ya kimoja, ingawa majumba si yake. Kinabaki kiti cha tano. Wanaokodi majumba haya, yaani klabu, wasanii na makanisa, wanalipa bila kuulizwa chochote, na bado hakuna amri iliyowahi kuwatengea hata nusu ya kiti.