Santuri za Video: Kununua Sasa au Kungoja?

Katika vijiji vya Masama, kwenye mteremko wa kusini-magharibi wa Mlima Kilimanjaro, fedha ya kahawa huingia kwa msimu, na kila chombo cha nyumbani hushindana na ada ya shule na mabati ya nyumba. Kwa hiyo kuamua ni lini inafaa kuacha chombo cha zamani na kununua kipya si jambo dogo. Wahenga wametuachia methali mbili zinazopingana: haraka haraka haina baraka, na chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Historia ya santuri ya video yaonyesha kwamba zote mbili ni za kweli, kila moja kwa wakati wake.

Mkanda wa video wa VHS ulitokea Japani mwaka 1976. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, na katika miaka hiyo deki ya mkanda ndiyo iliyotegemewa nyumbani na katika mabanda ya video. Mwaka 1993 ilibuniwa VCD, ambayo ilibeba dakika 74 tu, hata filamu moja ikahitaji santuri mbili. DVD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, na Blu-ray ikafuata mwaka 2006.

Santuri zote hizi zina kipenyo kimoja, yaani sentimita 12. Je, kwa nini moja hubeba habari nyingi kuliko nyingine? Habari huandikwa kwa vishimo vidogo mno, vilivyopangwa katika njia moja iliyojiviringa kama gamba la konokono. Mwale wa leza huvisoma vishimo hivyo. Lakini mwale hauwezi kukusanywa katika nukta iliyo ndogo sana kuliko urefu wa wimbi lake. Leza ya VCD ina wimbi la nanomita 780, lisiloonekana kwa macho. Ya DVD ni nyekundu, nanomita 650. Na ya Blu-ray ni ya urujuani, nanomita 405. Kadiri wimbi linavyofupika, ndivyo njia zinavyoweza kusogezwa karibu: kutoka mikromita 1.6, hadi 0.74, hadi 0.32. Ndiyo maana tabaka moja la DVD hubeba gigabaiti 4.7, na la Blu-ray gigabaiti 25.

Wanafunzi wanaweza kulithibitisha jambo hili darasani. Santuri ya VCD na ya DVD zielekezwe kwenye mwanga wa jua ili rangi zake ziangukie ukutani. Asiangalie mtu mwako wa jua ndani ya santuri. Rangi za DVD zitatawanyika kwa upana zaidi, kwa sababu njia zake zimekaribiana zaidi.

Sasa tutazame hasara ya haraka. Mwaka 2006 Blu-ray ilikuwa na mshindani, HD DVD ya kampuni ya Toshiba. Mashine za aina moja hazikusoma santuri za aina ya pili. Tarehe 19 Februari 2008 Toshiba ilitangaza kuiacha HD DVD. Waliokwisha kuinunua wakabaki na mashine isiyoletewa filamu mpya.

Lakini kuchelewa nako kuna gharama yake. Picha za arusi, za ubarikio na za wazee waliokwisha kufariki zimo katika mikanda ya VHS, nayo huota kuvu penye unyevu. Kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilikoma mwezi Julai 2016. Mkanda usionakiliwa mapema waweza kuwa mzima, na bado usipatikane wa kuusoma.

Basi mwenye kuamua na ajiulize maswali manne. Je, ushindani wa aina mbalimbali umekwisha? Je, mashine mpya husoma santuri za zamani? Je, televisheni iliyopo itaonyesha tofauti? Picha ya DVD ya mfumo wa PAL ina mistari 576, na ya Blu-ray hufika 1,080. Kwa televisheni ya mistari 576, faida hiyo haitaonekana. Tena, je, santuri na mashine ni za eneo moja? DVD iliyofungwa kwa eneo la 2, yaani Ulaya, ikitumwa na ndugu aliyeko huko, haitasomwa na mashine iliyofungwa kwa eneo la 5, ambamo Tanzania imo.

Majibu yakiwa mema, kununua kunafaa. Yakiwa mabaya, kungoja ni busara. Kunakili kumbukumbu hakungoji. Hata kampuni ya Sony ilikoma kutengeneza santuri tupu za Blu-ray mwezi Februari 2025. Hakuna chombo kinachodumu milele; kinachoweza kudumu ni habari iliyohamishwa kutoka chombo hadi chombo, kabla cha kwanza hakijanyamaza.