Foleni ya Wadai

Muuza mayai alimwaga bahasha ya kaki mezani kwangu: ankara za miezi mitano, stakabadhi za mzigo zenye mhuri wa stoo, kila moja na sahihi yake. Supamaketi aliyokuwa akiiuzia ilikuwa imeshindwa kulipa madeni na kukabidhiwa msimamizi. "Wakili, deni hili hakuna anayelikana. Sasa tatizo nini?"

Tatizo ndilo hilo. Katika kesi za kawaida za biashara nabishania nani ana haki. Kwenye ufilisi wote wana haki, ila mali haitoshi, kwa hiyo tunabishania foleni. Benki iliyoshika hati ya jengo inajilipa kutokana na jengo hilo. Katika kilichobaki, Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 inatanguliza gharama za ufilisi wenyewe (ada za mawakili zimo, na hapo wateja huguna), kisha mishahara ya hadi miezi minne, isiyozidi shilingi 200,000 kwa kila mfanyakazi, halafu kodi. Mtu wa mayai yuko mkiani.

Mawakili wachanga, wakishamaliza Shule ya Sheria na ile miezi sita chini ya wakili mzoefu, huipenda sana barua ya madai. Kampuni ikidaiwa shilingi 100,000 au zaidi, ikapewa barua hiyo na siku 21 zikapita bila kulipa, mdai anaweza kuiomba Mahakama Kuu iifilisi. Mimi sina haraka nayo. Deni likiwa na ubishi wa kweli, jaji atalitupa ombi na kukutoza gharama. Na hata ukishinda, umewaamsha wadai wote, benki ikiwa mbele.

Msimamizi akishateuliwa, huwezi kushtaki wala kukamata hata friji bila idhini yake au ya mahakama. Kampuni ya supamaketi ya Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018. Wadai wakaja kupiga kura ifilisiwe Januari 2020. Kwa msambazaji mdogo mwenye mkopo wa chakula cha kuku, miaka miwili ni mingi mno.

Nilimwuliza kama mkataba wake ulisema bidhaa zibaki mali yake hadi alipwe. Akatafuta, akanionyesha kwa kidole: ukurasa wa tatu, kifungu kizuri kabisa. Lakini mayai yalikuwa yameshaliwa zamani. Tukajaza fomu ya kuthibitisha deni, naye akarudisha ankara kwenye bahasha, moja moja, kwa tarehe.