Mkonge Ukitoa Mlingoti, Andaa Miche

Wakazi wengi wa maeneo kame hufurahia kuona mlingoti ukichomoza katikati ya mkonge. Hata hivyo, hiyo ni ishara kwamba mmea huo unakaribia kufa.

Mkonge, ambao asili yake ni Mexico, huchanua mara moja tu maishani, kwa kawaida baada ya miaka 7 hadi 10. Mlingoti wake huweza kufikia urefu wa mita 6. Baadaye mmea wote hukauka, na mkulima asiyejiandaa hubaki na mapengo kwenye ua wa shamba na bila majani ya kutoa nyuzi.

Mmea huu hustahimili ukame kwa sababu vitundu vidogo vya majani yake hufunguka usiku na kujifunga mchana, hivyo haupotezi maji mengi juani.

Mkonge hutoa mbegu kwa nadra. Badala yake, maua yakipukutika, miche midogo huota kwenye matawi ya mlingoti. Machipukizi mengine hutoka chini, kando ya shina.

Wakulima wanashauriwa kukusanya miche hiyo, kuikuza kitaluni kwanza, kisha kuihamishia shambani mvua zinapoanza. Kwa ushauri zaidi, muone afisa wa kilimo katika wadi yako.