Harlem, siku ya yenga: kuku, gofri na majani yanayofanana na sombe

Ibada zinapoisha siku ya yenga katika mtaa wa Harlem, mjini New York, wengi hawarudi nyumbani moja kwa moja. Akina mama wenye kofia kubwa za kanisa, wazee wenye tai, vijana waliochelewa kulala usiku wa posho na watalii wenye kamera wanapanga mstari mbele ya mgahawa mmoja kwenye Malcolm X Boulevard, njia ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Lenox Avenue. Ndani, nyimbo za injili zinapigwa moja kwa moja mbele ya wateja, huku wahudumu wakipita kati ya meza na sahani za kuku wa kukaanga. Mgahawa huo unaitwa Sylvia's. Uko hapo tangu mwaka 1962.

Kinachowaleta ni branchi, yaani mlo mmoja unaounganisha chakula cha asubuhi na cha mchana mwishoni mwa juma. Neno lenyewe lilitokea Uingereza: mwaka 1895, mwandishi Guy Beringer alitetea katika makala kwamba mtu aliyekesha usiku wa posho asilazimishwe kuamka mapema kesho yake kwa ajili ya chai. Lakini kinachowekwa mezani Harlem si cha Waingereza. Wenyewe wanakiita "soul food", chakula cha roho. Kilipikwa kwanza kusini mwa Marekani na watu ambao mababu zao waliletwa kwa meli kutoka Afrika, na sehemu yao kubwa walitoka pande za mto Kongo.

Sahani hiyo inaweza kumshangaza mtu wa Goma au Bukavu, kwa sababu karibu nusu yake anaijua. Kuna majani yanayoitwa collard, jamii ya kabichi isiyofunga kichwa. Yanachemshwa kwa saa nyingi pamoja na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, mpaka yawe laini kabisa, kama mama anavyoacha sombe juu ya makala tangu asubuhi. Mchuzi unaobaki chini ya sufuria hautupwi. Wanachovya humo mkate wa unga wa mahindi. Kuna griti, uji mzito wa mahindi wenye chembe, unaoliwa na siagi, na kwenye miji ya pwani unaliwa na krevete. Kuna kunde zenye jicho jeusi. Kuna kambale aliyepakwa unga wa mahindi na kukaangwa. Kuna makaroni yaliyookwa na fromaji nyingi, ambayo wapenzi wa fromaji ya Masisi wangekuwa na la kusema juu yake.

Na kuna viazi vitamu vilivyopikwa kwa sukari na siagi. Wamarekani wanaviita "yams", jina lenye asili ya Afrika Magharibi ambalo lilikuwa la kiazi kingine kabisa, kile kikubwa chenye ganda gumu. Waliofika utumwani walikikosa kiazi chao, wakampa jina lake yule waliyemkuta.

Sahani inayopigwa picha zaidi ni ya kuku wa kukaanga aliyewekwa juu ya gofri na kumwagiwa siropo. Mkongomani aliyezoea kula kuku na pilipili atatikisa kichwa, lakini sukari, chumvi na mafuta vinaelewana kuliko mtu anavyodhani. Mchanganyiko huo ni wa zamani, ila Harlem ndiyo iliyoupa sifa. Katika mgahawa wa Wells, uliofunguliwa mwaka 1938, wanamuziki walikuwa wanaingia baada ya kupiga muziki mpaka usiku wa manane. Muda wa chakula cha usiku ulikuwa umepita na wa chai ulikuwa haujafika. Wakapewa vyote viwili katika sahani moja.

Nguba iliyovuka bahari

Wanahistoria wanakadiria kwamba Waafrika karibu 388,000 walishushwa moja kwa moja katika bandari za Amerika ya Kaskazini wakati wa biashara ya watumwa. Karibu robo yao walipakiwa kwenye pwani ya magharibi mwa Afrika ya Kati: Loango, Kabinda, mdomo wa mto Kongo, Luanda. Bandari iliyowapokea wengi kuliko zingine zote ilikuwa Charleston, katika jimbo la South Carolina.

Walinyang'anywa majina yao, ndugu zao na lugha zao. Jikoni, hata hivyo, maneno machache yalipona. Kusini mwa Marekani karanga iliitwa "goober", na wazee wengine wanaiita hivyo mpaka leo. Anayesikia Lingala hahitaji mkalimani: ni nguba, neno la Kikongo. Karanga yenyewe ilizunguka sana. Asili yake ni Amerika ya Kusini, Wareno wakaileta Afrika, halafu meli za watumwa zikaipeleka Amerika ya Kaskazini ikiwa tayari na jina la Kiafrika.

Hivyo hivyo kwa supu maarufu ya New Orleans, "gumbo". Jina hilo limetoka katika lugha za Angola, na maana yake ni bamia, ile ambayo Wakongomani wanaosema Kifaransa wanaiita gombo. Katika mji huo huo kuna uwanja unaoitwa Congo Square. Hapo ndipo watumwa walipokuwa wanakusanyika siku ya yenga, siku waliyopewa kupumzika, kwa kupiga ngoma, kucheza na kuuziana vyakula.

Siku hiyo ya yenga ndiyo ufunguo wa kuelewa chakula hiki. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland na baadaye kutoroka, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1845 kile ambacho mtu mzima alikuwa anapewa kwa mwezi mzima: ratili 8 za nyama ya nguruwe au samaki, ambazo ni kilo tatu na nusu hivi, na kapu la unga wa mahindi. Mengine yote walijitafutia wenyewe baada ya kazi: bustani ndogo nyuma ya kibanda, mitego, ndoano mtoni. Siku za kazi walikula majani, kunde na unga. Kuku, keki na vitu vya sukari vilingoja yenga au sikukuu, kwa kuwa vilitaka mafuta, feza na muda, na vyote vitatu vilikuwa adimu.

Shamba la mama kama dhamana

Kati ya miaka ya 1910 na 1970, karibu Wamarekani weusi milioni 6 walihama kusini kwenda Chicago, Detroit, New York na miji mingine, wakikimbia ubaguzi, mauaji na mashamba yasiyowalipa. Sylvia Woods alikuwa mmoja wao. Alizaliwa mwaka 1926 karibu na Hemingway, kijiji cha wakulima cha South Carolina, na alikuwa bado mtoto alipokutana na mume wake wa baadaye, Herbert, katika shamba la maharagi walikokuwa wanavuna kwa vibarua.

Huko Harlem alianza kazi ya kuhudumia wateja katika mkahawa mdogo mwaka 1954. Miaka minane baadaye, mwenye mkahawa akataka kuuza. Sylvia hakuwa na feza. Mama yake, aliyebaki kijijini, akaliweka shamba la familia kama dhamana ili binti yake apate dola 20,000. Mwanamke mweusi, mwaka 1962, katika jimbo ambako watu weusi walikuwa hawaruhusiwi kuketi meza moja na wazungu, alihatarisha ardhi yake yote kwa ajili ya kaunta moja na viti vichache katika mji wa mbali. Kama kuku asingenunuliwa, shamba lingekwenda.

Kuku alinunuliwa. Mwaka 1979 mwandishi wa chakula Gael Greene aliusifu mgahawa katika jarida la New York, na wateja wakaanza kuja kutoka mitaa mingine, kisha kutoka nchi zingine. Nyumba za jirani zikaongezwa. Wanasiasa wanaotafuta kura za watu weusi wakajifunza njia ya kufika. Barack Obama alikula hapo mwaka 2007, kabla hajawa rais. Sylvia Woods alifariki mwezi wa saba mwaka 2012, wakati mgahawa unatimiza miaka 50. Watoto na wajukuu ndio wanaouendesha.

Migahawa ya namna hii ilifanya pia kazi nyingine. Katika Paschal's, mjini Atlanta, viongozi wa harakati za haki za raia, Martin Luther King akiwa kati yao, walipanga mikakati yao wakila kuku. Mjini Montgomery, watu weusi walipogomea mabasi mwaka 1955 na 1956, mpishi Georgia Gilmore alikusanya wanawake wakauza sandwichi, kuku na keki kwa siri. Feza hiyo ilisaidia kulipia petroli ya magari yaliyokuwa yanabeba wagomaji.

Madaktari nao wanaangalia sahani

Chakula hiki kina deni lake, na familia nyingi za Wamarekani weusi zinalilipa hospitalini. Shinikizo la damu na kisukari vinawapata zaidi kuliko wazungu. Utafiti mkubwa unaoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, uliofuatilia watu zaidi ya 30,000 kwa miaka mingi, ulitoa mwaka 2018 matokeo yaliyozungumzwa sana: kati ya sababu zilizopimwa kueleza kwa nini watu weusi wanapata shinikizo la damu zaidi, mtindo wa kula wa kusini ndio uliokuwa na uzito mkubwa kuliko zingine. Kwa watafiti hao, mtindo huo ni vyakula vya kukaanga, nyama za viwandani, mafuta ya kuongezwa na vinywaji vya sukari.

Wanaokitetea chakula cha roho wana jibu, na si jibu dhaifu. Mwandishi Adrian Miller, aliyechapisha historia ya chakula hicho mwaka 2013, anaonyesha kwamba watu wengi wanakichanganya chakula cha sherehe na chakula cha kila siku. Majani, kunde, bamia na viazi vitamu, vile vilivyowaweka mababu hai, ndivyo vinavyopendekezwa leo na madaktari. Kilichobadilika ni kalenda. Watu walipofika mjini na kuanza kupata mshahara, kuku wa yenga akawa wa kila jioni, na kazi ya shambani iliyokuwa inachoma mafuta yote hayo ikawa haipo tena. Viwanda vya chakula cha haraka vikamaliza kazi.

Ndiyo maana jikoni nyingi sasa zinaweka bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi mahali pa nguruwe katika majani, na migahawa mingine imeondoa nyama kabisa. Wazee wengine wanasema majani yasiyo na nguruwe hayana ladha. Ugomvi huo unaendelea mezani, na mara nyingi anayeshinda ni yule aliyeshika mwiko.

Tatizo jingine ni kodi ya nyumba. Harlem imepanda bei, na familia nyingi zilizokuwa zinajaza viti zimehamia mbali, wengine wakirudi kusini kabisa. Copeland's, mgahawa mwingine uliokuwa na branchi ya injili, ulifunga mwaka 2007. Mwenyewe alilieleza gazeti la New York Times kwamba wateja wake wa zamani wameondoka na wakaaji wapya hawajali sana chakula chake. M&G, uliopendwa kwa kuku wake, ulifuata mwaka 2008. Sylvia's umebaki kwa sehemu kwa sababu familia ilinunua majengo, na pia kwa sababu ya watalii, jambo ambalo baadhi ya wenyeji wanalisema kwa mdomo wa pembeni.

Anayefikiri kufika huko ajue kwamba bei iliyoandikwa kwenye karatasi si ya mwisho. Kuna kodi, halafu kuna matabishi, ambayo New York si hiari kama inavyodhaniwa: asilimia 18 hadi 20 ndiyo inayotazamiwa, kwa kuwa sheria inamruhusu mwenye mgahawa kumlipa mhudumu chini ya kima cha chini cha mshahara akihesabu kwamba wateja watajaza pengo.

Lakini Wakongomani wengi wanaokutana na chakula hiki hawakutani nacho Harlem. Kwa miaka kadhaa Congo ndiyo iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nchi yoyote kati ya wale waliopokelewa Marekani. Mwaka 2019 pekee walikuwa karibu 13,000, wengi wao watu wa Kivu na Tanganyika waliopitia kambi za Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda. Wengi waliwekwa katika majimbo kama Kentucky, Texas na North Carolina, yaani ndani ya nchi ya chakula hiki chenyewe. Huko sombe inapatikana ikiwa imegandishwa, katika maduka ya Waafrika, pale yanapokuwapo. Pasipokuwapo, collard inauzwa katika kila soko, mafungu makubwa, kwa bei nafuu. Wanaijaribu kwa mawese na karanga.