Bomba mbili za moshi kwa pikapu ya koperative: tulisikiliza pande zote

Tulipopanda milima ya Kalehe, Kivu Kusini, nia yetu ilikuwa kuona namna koperative moja ya kahawa inavyojitayarisha kwa mavuno. Tulidhani tutazungumza juu ya mashine za kumenya na vitanda vya kuanikia. Kumbe wanamemba walikuwa wamekusanyika chini ya mti, sauti ziko juu, na mambo yote yalikuwa ya bomba la moshi.

Pikapu yao ni Hilux ya zamani, ya mazuti, silinda 4. Wiki mbili mbele ya kufika kwetu, mawe ya barabara yalikata bomba na kuangusha silansiye, ile chupa ya chuma iliyo chini ya gari inayopunguza sauti. Fundi mmoja wa Bukavu aliwapa njia mbili: kurudisha bomba moja na silansiye ya kawaida, ao kufunga bomba mbili, moja itokee kulia na ingine kushoto, zenye silansiye ndogo na sauti nzito. Njia ya pili iliomba pesa zaidi ya bei ya pine mbili mpya. Na pine za mbele zilikuwa zimeisha kabisa.

Shofere, kijana wa heshima na anayejua kazi yake, alisimama na telefone mukononi. Alikuwa na video ya pikapu za Marekani zinazonguruma kama simba. "Mama Prezida," akasema, "batu bakisikia ile sauti, kila mutu atajua gari yetu njo inakuya. Batashusha mifuko ku barabara mbele tufike."

Tusimcheke. Hoja yake ina uzito. Mukulima wa juu kabisa anatembea saa nzima na mufuko kichwani, na akikosa gari anauza kwa mupita-njia kwa bei ya hasara.

Lakini zile pikapu za video tunapaswa kuzielewa vizuri. Nyingi za Marekani zinazosikika hivyo, kama Ford F-150 ao Chevrolet Silverado zenye moteri ya V8, zina silinda 8 zilizopangwa kwa mistari miwili. Kila mustari una silinda 4 na mulango wake wa moshi, mumoja kulia na mwingine kushoto. Kwa hiyo kule bomba mbili zina kazi: kila upande una njia yake. Mafundi wao huziunganisha katikati kwa kipande chenye umbo la H ao la X, ili mipigo ya moshi isawazike, na hapo wanachagua pia rangi ya sauti: H inaacha ngurumo nzito, X inalainisha na kupandisha sauti. Kisha wanachagua silansiye. Kuna ile yenye vyumba ndani, moshi unagonga kuta kabla ya kutoka. Kuna na ile ya bomba lililonyooka lenye matundu, limezungushiwa sufi inayomeza sauti. Ya pili inapitisha moshi kwa urahisi, na inapiga kelele zaidi.

Hilux ya silinda 4 ina mustari mumoja tu. Moshi wote unatoka mulango mumoja. Ukifunga bomba mbili nyuma, umegawa njia moja kuwa mbili karibu na mwisho, basi. Moteri haijui kwamba nyuma kuna matundu mawili. Inavuta magunia kwa mazuti, hewa safi na pompe nzuri. Kama inashindwa kupanda, tazama kwanza rangi ya moshi: mweusi ni filtre ya hewa iliyoziba ao injekta mbovu, wa bluu ni mafuta ya moteri yanaungua, mweupe usioisha hata moteri ikipata joto ni maji ao mazuti yasiyoungua. Muzee mumoja alifupisha kwa njia yake: "Sauti haibebake mufuko."

Mama Prezida alikuwa na wasiwasi mwingine. Pikapu hiyo inapita katikati ya mashamba ya ng'ombe. Ng'ombe akishtuka wakati wa kukamuliwa, maziwa yanazuilika, hata ukivuta vipi. Jirani walishalalamika tangu silansiye ianguke. Na shofere mwenyewe? Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayochunguza afya ya kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unagawanywa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja tu. Safari ya Bukavu na kurudi inamaliza siku nzima. Masikio yakiharibika kwa kelele hayarudi.

Sisi tulisisitiza jambo ambalo hakuna aliyelisema. Wanamemba wanapanda nyuma, juu ya mifuko, na watoto wakati mwingine. Bomba likipasuka chini ya kabini, moshi unapanda kwa matundu ya sakafu. Ndani yake kuna kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Na moshi wa mazuti wenyewe, shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa kansa, IARC, liliutia katika vitu vinavyoleta kansa mwaka 2012. Bomba la pili lingepita upande wa kushoto, na fundi angepaswa kutafuta njia mbali na tanki ya mazuti, tiyo za freni na pine ya akiba. Tena bomba mbili za chini ni mawe mawili ya kugonga badala ya moja. Barabara ya kule wanaijua wao.

Kura ilipigwa jioni. Bomba moja, silansiye ya kawaida, mwisho wake utokee nyuma kabisa, kupita karoseri. Pesa iliyobaki ikaenda kwa pine za mbele. Kuhusu hoja ya shofere, walikubaliana saa ya kupita katika kila kituo siku ya soko, na mutu mumoja wa kila kilima apigiwe telefone gari likianza kupanda. Shofere alikubali, si kwa furaha.

Kwa koperative zinazotengeneza bomba: betri iondolewe kabla ya kusudea. Kazi ikiisha, washeni moteri ikiwa baridi, nje penye hewa, zibeni mwisho wa bomba kwa kitambaa kizito kwa nukta chache, na mupake maji ya sabuni kwenye viungo. Penye mapovu panavuja. Fundi asilipwe yote mbele ya hapo.

Siku ya kurudi tulipanda na pikapu ile, bomba jipya limefungwa. Mbele ya muteremko mukali shofere alisimamisha gari ghafula, akashuka, akaweka sikio karibu na gurudumu la mbele la kulia. Ruliman ilikuwa inasaga. Alituambia hajui imeanza lini, maana tangu silansiye ianguke alikuwa hasikii kitu kingine. Tuliketi kando ya barabara saa tatu tukingoja fundi.