Gitaa la Katikati la Wanyika

"Sina Makosa" ya Les Wanyika ikipigwa kwenye baa ya Moshi, wengi hungoja sauti ya mwimbaji. Leo naomba msikilize gitaa lililo chini yake, lililotoka kwenye bendi nyingine.

Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walitoka bendi ya Jamhuri Jazz, wakaunda Arusha Jazz mwaka 1970, na mwaka uliofuata wakavuka kwenda Mombasa. Kenya ndiko walikogeuka kuwa Simba Wanyika. Huenda waliifuata santuri: bendi za Tanzania zilirekodiwa na Radio Tanzania, lakini studio za biashara na mashine za kutoa santuri zilikuwa Kenya. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, hapo Holili jirani na Moshi, Watanzania hawa walikuwa upande wa pili.

Katika Simba Wanyika, Wilson alipiga gitaa la solo, Omar Shabani la ridhimu, Tom Malanga la besi. Katika bendi nyingi ridhimu hukata kodi tu ili mwimbaji asipotee. Ya Shabani ni wimbo ndani ya wimbo: vinoti vifupi, vinavyojirudia bila kuchosha, vikiingia palepale besi inaponyamaza. Na Malanga hunyamaza sana. Hupiga noti chache, huacha nafasi. Ndiyo maana muziki wao hauna msongamano, na mguu unatikisika hata ngoma zikiwa za chini.

Mwaka 1978 Shabani, Malanga na mpiga ngoma Rashid Juma waliondoka pamoja, wakaanzisha Les Wanyika na kumchukua mwimbaji John Ngereza. Simba Wanyika ilipoteza msingi wake wote kwa mkupuo. Huko Manchester, Uingereza, The Smiths, bendi nyingine iliyosimama juu ya gitaa, ilidumu kuanzia 1982 hadi 1987. Mpiga gitaa wake, Johnny Marr, alipoondoka, ikafa. Simba Wanyika haikufa. Ilijaza nafasi zilizoachwa na kuendelea hadi ndugu hao walipofariki, George mwaka 1992 na Wilson 1995. Nadhani sababu ni kwamba mtindo wenyewe ulikuwa umeshakuwa mali ya wengi: kila gitaa lilikuwa na kazi inayofundishika, na mwimbaji Issa Juma naye aliupeleka kwenye bendi yake, Super Wanyika Stars.

Vijana wanaojifunza gitaa Moshi hukimbilia solo. Waanze na ridhimu ya "Sina Makosa", polepole, mpaka waweze kuipiga dakika kumi bila kuongeza mwendo, kisha wamtafute mwenzao wa besi.